Maswali yenu: ukishafungwa waya za meno, na ukishafunguliwa

Toleo lililopita niliwaambia mtume maswali yoyote ya kinywa na meno, na karibu nusu ya meseji zilizokuja zinahusu waya. Wengine mnaita bresi, wengine vyuma, yote sawa. Nimechagua haya hapa chini, yale yanayofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha pembeni kama mlivyoomba.

Habari dokta. Binti yangu ana miaka 13, amefungwa waya juu na chini, leo siku ya tatu. Hali chochote, anakunywa chai tu, usiku analia, na kuna jino akiligusa kwa ulimi anasema linacheza. Baba yake anasema zikatolewe. Tumemuwahisha? – Mama, Tanga

Nzuri mama, na mpe pole binti. Hapana hamjamuwahisha, miaka 13 ni umri mzuri sana kwa sababu meno ya utotoni yameshaondoka na ya ukubwani karibu yote yametoka, na mfupa bado unakubali kusogezwa kwa urahisi.

Maumivu yanatoka wapi? Waya inalisukuma jino upande mmoja, basi kule linakosukumwa mfupa unaliwa kidogo kidogo na kule linakotoka unajengwa mwingine, ndo namna jino linavyotembea ndani ya taya, hakuna njia nyingine. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzinyuzi nyembamba zinazolishika jino, zikibanwa zinavimba na hapo ndo mtoto analia. Kwa kawaida yanaanza saa chache baada ya kufungwa, yanakuwa makali siku ya kwanza na ya pili, afu yanashuka, na wiki ikiisha mtoto anakula kama kawaida. Kila akienda kukazwa atasikia tena ila mara nyingi sio kama hii ya kwanza. Na jino kucheza kidogo ni kawaida, lisingecheza lisingesogea, mwambie baba yake hilo taratibu maana najua akina baba wengi likitajwa jino kucheza wanaona limeshang'oka.

Mpe paracetamol kwa kipimo cha umri wake kilichoandikwa kwenye pakiti. Chakula mpe uji, mtori, viazi vya kuponda, wali laini na mchuzi wa samaki asiye na miiba, maharage yaliyoiva sana, parachichi, ndizi mbivu. Asibaki na chai tu mama, atakosa nguvu na ile sukari ya chai ikizunguka kwenye vyuma siku nzima ni balaa jingine. Maji ya uvuguvugu na chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, asukutue mara kadhaa kwa siku, inasaidia sana pale shavu na midomo inapochubuka kwa ndani. Na kliniki lazima walimpa nta ya kufunika chuma kinachochubua, kama hawakumpa kaiombeni, ni haki yake.

Cha kukurudisha kliniki haraka ni uso kuvimba, usaha, homa, au maumivu yanayopanda badala ya kushuka baada ya wiki. Hayo sio ya kusubiri.

Shikamoo dokta. Nasoma kidato cha tatu shule ya bweni Iringa, kliniki yangu iko Dar kwa hiyo naendaga likizo tu. Nilikula mahindi ya kuchoma, braketi ya gego (kile kichuma kidogo kinachobandikwa kwenye jino kushika waya) ikabanduka, sasa waya ya nyuma inanichoma shavu na pameshakuwa kidonda. Huku chakula chetu ni makande karibu kila siku. Nifanyeje mpaka tufunge shule? – Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Kwanza usisubiri kufunga shule. Nenda kwa matroni leo, mweleze, piga simu nyumbani na nyumbani wapige simu kliniki. Waya ya kuchoma shavu inakatwa na daktari yeyote wa meno kwa dakika chache, sio lazima awe yule wa Dar, hospitali ya mkoa hapo Iringa ukienda na maelezo watakusaidia. Na jambo kubwa zaidi, mwenye waya anatakiwa kuonwa kila baada ya wiki 4 hadi 8, sasa we kama unaenda likizo tu wazazi wako na daktari wako wakae walizungumze upya, ama shule ikupe ruhusa katikati ya muhula ama utafutiwe kliniki ya karibu na faili lako lihamishwe. Waya isiyoangaliwa inaweza ikakaa tu bila kufanya kazi, au ikafanya kazi isiyotakiwa, na miaka ikaongezeka bure.

Kwa leo, futa ile ncha kwa kitambaa safi mpaka ikauke, chukua nta kidogo, ivingirishe kwenye vidole ipate joto kisha ibandike ifunike ncha. Ikiwa haijakauka nta haishiki, wengi wanakosea hapo. Kama huna nta unaweza kuisukuma ncha ilalie jino kwa mgongo wa kijiko kisafi au kile kifutio cha nyuma ya penseli kikiwa kisafi, taratibu. Usiwashe mshumaa ukadondoshea nta ya mshumaa mdomoni, usipake gundi ya supaglu hata kidogo, na usimpe mwenzako plaizi akukatie. Ile braketi kama bado inaning'inia kwenye waya iache, kama imetoka kabisa ifunge kwenye karatasi safi uende nayo. Kuna siku mtu anaimeza, mara nyingi inatoka yenyewe na choo, lakini ukimeza kitu ukaanza kukohoa au kupumua kwa shida hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Makande yaliyoiva vizuri kula, tafuna polepole kwa magego, shida ni zile punje zilizobaki ngumu. Mahindi ya kuchoma hapana, hata ukiyapukuchua bado ni magumu. Muwa usiumenye kwa meno. Korosho, mifupa, barafu, ubuyu, kashata, bigijii, pipi za kunata, hizi ziage mpaka utakapofunguliwa. Embe na apple unaweza kula ila kata vipande vidogo upeleke nyuma, usiume kwa meno ya mbele. Na kofia ya peni! Wanafunzi mnatafuna kofia za peni darasani bila kujua, na braketi zinabandukia hapo, sio kwenye chakula tu.

Kuhusu usafi nitakuwa mkali kidogo kwako maana upo mbali na mama. Braketi inashika chakula juu yake na chini yake. Ukoga ukikaa pale bila kusuguliwa, ndani ya mwezi mmoja tu doa jeupe kama chaki linaweza kutokea kuizunguka braketi, ni jino limeanza kupoteza madini yake, na siku ya kufunguliwa unakuta meno yamenyooka mazuri kabisa lakini kila moja lina pete nyeupe, au limeshatoboka. Inaniuma sana kuona hilo kwa kijana. Kwa hiyo mswaki laini, uuelekeze kwanza juu ya braketi ukishuka, kisha chini ya braketi ukipanda, kisha mbele yenyewe, na kale kaburashi kadogo kapite chini ya waya kati ya jino na jino. Dawa yenye floraidi. Asubuhi ukishakunywa uji, mchana ukishakula, na usiku ambao ndo haukosekani hata umeme ukikatika. Mchana ukikosa nafasi angalau sukutua maji kwa nguvu.

Assalaam aleikum dokta. Nilichagua raba nyeupe, vile vipira vya kufungia waya kwenye braketi, ili zisionekane, siku mbili tu baada ya biriani na urojo zikawa njano, nasugua wapi haziachi. Halafu Ramadhani inakaribia, sijui nitafanyaje na mswaki. – Dada wa Mji Mkongwe

Waaleikum salaam. Hiyo ni bizari, dada yangu, na imeingia ndani ya raba sio juu yake, kwa hiyo usijisumbue kusugua, meno yako yenyewe hayajapata kitu. Utabadilishiwa ukienda miadi, na safari hii chagua kijivu, rangi ya fedha au bluu iliyokolea. Kama unataka nyeupe kwa sababu ya shughuli fulani basi panga miadi karibu na siku yenyewe. Kukuambia mtu wa Unguja uache urojo sitakuambia, ila zile chipsi ngumu za muhogo ziache zilainike ndani ya mchuzi kwanza.

Ramadhani: mswaki baada ya futari, mwingine kabla ya kulala kama umekula tena, na ule wa baada ya daku ndio mkubwa kuliko yote kwa sababu kitakachobaki kwenye waya alfajiri kitakaa hadi magharibi. Usile daku ukarudi kulala hivyo hivyo. Kuhusu dawa ya meno wakati umefunga, hukumu yake muulize sheikh wako. Mswaki wa mti unaweza kutumia lakini utafune uwe laini sana, zile nyuzi ngumu zinanasa kwenye braketi, na usiufanye badala ya mswaki wa kawaida. Tende toa kokwa, kata. Juisi ya ukwaju kunywa na chakula umalize, usiwe unaionja mpaka usiku wa manane. Na miadi ya kukaza iombe iwe alasiri, yale maumivu yakianza unakuwa umekaribia kufuturu na unaweza kunywa paracetamol.

Dokta mimi ni mzaliwa wa Arusha, meno yangu yana ule ukahawia wa maji ya huku. Nimefungwa waya lakini braketi zinabanduka kila wakati, daktari anasema nakula vitu vigumu na mimi najilinda sana. Pia kuna mtu kanishauri niache dawa ya meno yenye floraidi. – Kaka, 27, Kijenge

Nakuamini. Floraidi ikizidi kwenye maji ya kunywa wakati meno ya mtoto bado yanaumbika ndani ya taya, enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, inatoka tofauti, na maji ya sehemu nyingi za Arusha, Meru na bonde la ufa mpaka kule Nakuru na Naivasha yanazidi sana kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Sasa kabla ya kubandika braketi daktari anapaka asidi kidogo ikwaruze jino gundi ipate pa kushika, na enameli ya namna yako inaigomea ile asidi. Kuna njia, wengine wanaacha asidi muda mrefu zaidi, wengine wanalisugua kwanza tabaka la juu au wanapuliza unga maalumu, na kuna gundi zinazofaa zaidi. Muulize daktari wako kwa heshima tu, je umezingatia floraidi ya meno yangu? Ni swali halali kabisa. Wewe endelea kuwa makini na vigumu lakini usibebeshwe lawama yote.

Huyo aliyekushauri uache floraidi amechanganya. Ukahawia unatengenezwa utotoni, jino likishatoka limeshatoka, kwa mtu mzima dawa ya meno haiwezi kuuleta wala kuuongeza, na ukiwa na waya ndo unaihitaji zaidi kuliko wakati wowote. Tema, usimeze, basi. Masuala ya kung'arisha rangi subiri ufunguliwe, ukipausha leo na braketi zipo utabaki na viraka.

Mimi nina mwanya, ukoo wetu wote tunao na naupenda kupita kiasi. Lakini meno ya chini yamepandana. Naogopa nikifungwa waya mwanya utazibwa. – Dodoma

Mwanya ni wako na hakuna sheria inayosema meno mazuri lazima yagusane. Sema mapema, kabla hata ya kupigwa picha na kuchukuliwa vipimo vya meno, na hakikisha imeandikwa kwenye mpango wa matibabu, maana daktari asipoambiwa atauziba kwa nia njema kabisa. Inawezekana kufunga chini peke yake au kufunga juu huku mwanya ukiachwa, inategemea meno ya juu na ya chini yanavyokutana unapouma, hilo lazima lipimwe kwanza. Na riteina yako, kile kifaa cha kuyashika meno yasirudi baada ya kufunguliwa waya, nayo itengenezwe ikiulinda.

Kwa wale wanaotaka kinyume, yaani kuuziba, jueni mwanya una tabia ya kurudi, hasa kama kile kikano kinachounganisha mdomo wa juu na fizi ni kinene. Mara nyingi mnabandikwa kawaya nyuma ya meno ya mbele kabaki hapo hapo.

Mambo dokta, meno yangu yako poa ila napenda mwonekano wa bresi. Kuna mdada anafunga za urembo saluni, bei ndogo na anasema zinatoka zenyewe baada ya muda. – Mbezi, Dar

Mdogo wangu nakuomba usifunge. Waya yoyote iliyobanwa kwenye meno inasukuma, iwe ya daktari au ya urembo, tofauti ni kwamba ya daktari inajua inasukuma wapi. Meno yaliyonyooka yanaweza kupinda, mizizi inaweza kufupika na mzizi uliofupika haurudi, gundi isiyo ya meno inaharibu enameli, na hicho "zinatoka zenyewe" maana yake ni chuma kutoka mdomoni umelala, kikaenda tumboni au kwenye njia ya hewa. Vifaa vyenyewe hujui vimegusa mdomo wa nani kabla yako. Thailand walifika mahali serikali ikazipiga marufuku kabisa, sio kwa sababu hawapendi vijana wapendeze. Kama umeshafungwa usizing'oe mwenyewe, nenda kliniki ya meno useme ukweli, utafunguliwa na hakuna atakayekucheka.

Hujambo daktari. Nilitolewa braces mwaka jana baada ya miaka miwili, nikapewa riteina za plastiki juu na chini. Nilivaa miezi ya kwanza vizuri, halafu ya chini nikaifunga kwa tishu nikiwa hotelini nakula, ikaenda na takataka. Sikurudi kwa sababu meno yalikuwa yamenyooka tayari. Sasa jino moja la chini limeanza kulalia lingine na ile ya juu inabana sana nikiivaa. Nililipa pesa nyingi mno. Lazima nirudie braces? Na hii kitu huvaliwa hadi lini? – Msomaji, Nairobi

Sijambo ndugu yangu. Barua yako ndo iliyonifanya niandike ukurasa wote huu, maana watu wanauliza sana kuhusu waya na hawaulizi kabisa kuhusu kinachofuata, na kinachofuata ndo kirefu.

Jino likisogezwa ni kama nguzo uliyoihamishia shimo jipya, udongo bado haujashikamana. Mfupa mpya unachukua miezi kukomaa, na zile nyuzi za kwenye fizi zilizovutwa zinaweza kuchukua hadi mwaka mzima kujipanga upya, na muda wote huo zinalivuta jino lirudi lilikotoka. Meno yaliyokuwa yamejizungusha ndo yanarudi haraka zaidi. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba meno ya mbele ya chini yanabanana kadiri umri unavyoenda hata kwa mtu ambaye hajawahi kufungwa waya maishani, angalia wazee wako nyumbani utaona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwafuatilia kwa miaka mingi watu waliong'olewa meno ya pembeni wakafungwa waya, na miaka 10 baada ya kuacha riteina chini ya asilimia 30 ndo walibaki na meno ya chini yaliyokaa vizuri, ilipofika miaka 20 ikawa kama asilimia 10. Meno yao hayakufungwa vibaya, yalikosa tu cha kuyashika.

Kwa hiyo jibu la "hadi lini" ni hili: miezi ya mwanzo kwa kawaida mchana na usiku ukitoa wakati wa kula na kupiga mswaki, kisha usiku tu, na huo usiku ni wa kudumu, kwa muda wote unaotaka meno yabaki yalivyo. Najua inachosha kusikia. Ila kuvaa kitu ukiwa umelala hakukugharimu chochote ukilinganisha na miaka miwili mingine ya vyuma.

Sasa ya kwako. Hiyo ya juu, ikiwa inabana lakini inaingia mpaka mwisho na kukaa sawasawa, ivae leo, ongeza masaa, baada ya siku kadhaa kubana kutapungua. Ikiwa haifiki mwisho, imeinuka upande mmoja, usiilazimishe kwa meno, utaipasua au utaumiza jino. Ya chini haipo na jino limeshasogea, kwa hiyo piga simu kliniki wiki hii, sio mwezi ujao. Kama limesogea kidogo mara nyingi linarudishwa bila kufungwa upya kote, pengine kwa mfululizo wa plastiki chache za kuvaa zinazolisogeza jino taratibu, au waya fupi mbele tu. Likiachwa mwaka ndo hesabu inabadilika. Wala usione aibu kwa sababu ya ile ya tishu, tishu ndo inapoteza riteina nyingi kuliko kitu chochote, na mbwa ni wa pili, wanapenda harufu ya mate. Tembea na kile kikopo chake.

Ukifika uliza kuhusu aina nyingine pia. Kuna ile ya sahani ya plastiki na waya mbele iliyobuniwa na daktari Mmarekani Charles Hawley zaidi ya miaka 100 iliyopita, haipendezi sana lakini ni imara na inarekebishika. Na kuna waya ya kubandikwa nyuma ya meno ya mbele, nzuri kwa mtu anayejijua anasahau, ila inataka uzi wa meno upitishwe chini yake kila siku, na ichunguzwe mara kwa mara, kwa sababu ikibanduka kwenye jino moja hutasikia na jino litaanza safari kimyakimya. Mwisho omba kliniki wakupe au wakutunzie ile sanamu ya plasta yenye umbo la meno yako yakishanyooka, siku riteina ikipotea inatengenezwa nyingine hapo hapo.

Dada wa kazi kaichemsha riteina yangu ili iue wadudu, imejikunja. Nikiirudisha kwenye maji ya moto itanyooka? – Mwanza

Haitanyooka, na ukiivaa hivyo itasukuma meno kufuata umbo lake lililopinda. Agiza nyingine haraka, na hadi ipatikane usivae hiyo. Mwambie dada taratibu, alikuwa anakusaidia. Riteina ya plastiki inaoshwa kwa maji ya baridi, mswaki laini wa peke yake na tone la sabuni ya maji, kila unapoitoa. Dawa ya meno inaichuna ikashika harufu. Ikiwa na ukoga mgumu mweupe iloweke kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, nusu saa hivi, kisha suuza vizuri. Usiiache kwenye gari juani, usinywe nayo chai wala soda, na isipokuwa mdomoni iwe kwenye kikopo chake.